Seremala Aliyekaa Nyuma

Ukifika Nshamba ukaulizia kwa Joackim Karugendo seremala, mtu yeyote atakuonesha njia, na wengi watakuongezea ushauri ambao hukuomba: nenda asubuhi, kabla hajakasirika. Huko ni kumpendelea, maana kwa miaka mingi alikuwa akikasirika hata asubuhi.

Ufundi wake haukuwa na maneno. Milango yake ilifunga bila kusukumwa, vitanda vyake havikulia, na majeneza yake, kwa kuwa seremala wa kijijini hachagui kazi, yaliwafanya hata wafiwa wakumbuke kushukuru. Shida ilikuwa kumwambia neno. Mwalimu mmoja alithubutu kusema kabati lake limepinda kidogo, kidogo tu, na jioni yake akalikuta mlangoni kwake likiwa limerudishwa ubao mmoja mmoja, misumari imefungwa kwenye gazeti. Vijana wa bodaboda wakambatiza jina la Petroli. Alipolisikia akawaka, basi jina likamganda.

Mkewe, Klaudia, alikuwa amejifunza kumsikiliza miguu. Akisikia anavyokanyaga uani anajua kama chai iwekwe mezani au iachwe jikoni kwanza. Watoto nao walijifunza, ila wao walijifunza kuondoka.

Jambo lililomharibia kabisa lilikuwa posa ya mwanawe wa kwanza, Aristides. Inafaa ieleweke kwamba kwa Wahaya kwenda kuposa si kwenda kukaribishwa vizuri. Wenyeji wanawachokoza wageni makusudi. Watawauliza wamepotea njia gani hata wakafika hapo, watawatoza faini kwa kukaa vibaya, watamcheka msemaji wao mpaka jasho limtoke. Wanapima. Binti yetu anakwenda kuishi na watu wa namna gani? Kazi ya upande wa kijana ni kuvumilia, kuomba radhi na kucheka pamoja nao. Kila mtu anajua hivyo, hata Joackim alijua. Lakini siku hiyo, kule Kamachumu, mzee mmoja wa upande wa binti aliuliza kwa utani kama fundi majeneza ameleta posa au amekuja kuchukua vipimo. Watu wakacheka. Joackim akainuka, akaupiga teke mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, waliokuja nao wenyewe, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Binti yule aliolewa kwingine. Aristides alihamia Geita, na Krismasi, ambayo Mhaya hata awe mwisho wa dunia hurudi nyumbani, yeye alikuwa harudi.

Huyo ndiye mtu ambaye nesi Restituta alimkuta kwenye benchi la kliniki ya presha, Muleba mjini, mwaka jana. Alimpima mara mbili akidhani mashine imeharibika. Akamwandikia dawa, kisha akamuuliza kitu ambacho hakuna daktari aliyewahi kumuuliza: hasira ikija, inaanzia wapi mwilini?

"Inaanzia kwa watu," Joackim alijibu. "Wangeacha kuniudhi, nisingekuwa hapa."

Nesi alicheka. Alikuwa mama wa makamo, mnene, asiyekuwa na haraka. "Mzee Karugendo, watu hawataacha. Nijibu nilichouliza."

Akafikiri. Hakupenda kufikiri jambo hilo. Mwishoni akasema inaanzia masikioni. Yanapata moto, halafu mikono, halafu hajui tena anachofanya mpaka amekwisha kukifanya.

"Sawa. Masikio yakipata moto, wewe rudi ulipo. Kanyaga chini uisikie sakafu. Tazama vitu vitano vilivyo mbele yako, uvitaje kimoyomoyo. Gusa vinne. Sikiliza vitatu. Nusa viwili. Kimoja kionje ulimini. Hasira inakupeleka mbali, kwenye maneno ya jana na ya mwaka juzi. Wewe unarudi hapa, leo, kwenye kiti ulichokalia."

"Nihesabu vitu kama mtoto wa chekechea?"

"Kama mtoto wa chekechea, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Wenyewe presha yao ni nzuri."

Alirudi nyumbani akimsimulia Klaudia habari hizo kwa dharau. Klaudia alimwekea chai mezani.

Mara ya kwanza alipojaribu, alijiaibisha. Jirani yake Josia alikuja karakana kulalamika kwamba mlango aliotengenezewa unagoma kufunga tangu mvua zianze. Masikio ya Joackim yakapata moto. Akakumbuka maneno ya nesi. Akamkazia Josia macho, akaanza kutaja vitu taratibu kwa sauti ya chini, "Msumari, randa, kofia, mabega," huku macho yakimshuka kutoka utosini hadi miguuni. Kisha, kwa kuwa alipaswa kugusa kitu, akanyoosha mkono akashika ubao mrefu uliosimama ukutani.

Josia alitoka mbio. Kabla ya saa sita soko zima lilikuwa limepata habari kwamba Petroli siku hizi hagombani na mteja, anampima jeneza akiwa hai.

Klaudia alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani ya migomba. Joackim alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka naye, na hilo lenyewe lilikuwa jambo jipya katika nyumba ile.

Mwezi uliofuata alimpelekea nesi malalamiko. Dawa yako haifanyi kazi, alisema. Nahesabu vizuri lakini hasira haiondoki. Nesi Restituta akamtazama kama anayemtazama mtu aliyejaribu kupaka vidonge.

"Nani alikwambia itaondoka? Mimi sikusema itaondoka. Iache ikae. Wewe ukae pia. Ubaya ni pale inapobaki yenyewe na wewe hupo."

Maneno hayo aliondoka nayo. Akaanza kufanya mazoezi kwenye kazi yake, siku ambazo hakuna aliyemuudhi, jambo ambalo hakuwahi kufikiria kwamba linahitaji mazoezi. Alivua viatu akakanyaga takataka za randa, akazisikia zilivyo vuguvugu chini ya nyayo. Alifumba macho akapapasa mbao: huu mvule, huu msindano, huu mkaratusi uliokatwa mbichi na mwizi fulani. Alisikiliza. Miaka thelathini amekaa karakana ile na hakujua kwamba kuna kinanda cha kanisa kinachosikika kutoka upande wa pili wa barabara kila Alhamisi. Watu waliendelea kumuudhi. Alimrekebishia Josia mlango wake bure, akiwa amenuna, lakini alimrekebishia.

Na wakati huo huo Avit akapata mchumba.

Avit ni mwanawe wa pili, mwalimu wa shule ya msingi Bukoba, kijana mpole anayependa kufikiri kabla ya kusema; Joackim alikuwa akijiuliza tabia hiyo ameitoa wapi. Binti alikuwa Evelyne, wa kwa mzee Clavery wa Miembeni, hapo hapo Bukoba mjini. Avit alikuja nyumbani Jumamosi moja, akala, akanawa, ndipo akatoa kilichomleta. Hakumtazama baba yake usoni.

"Tata, kwa mzee Clavery wamesikia habari za Kamachumu. Amesema hataki fujo nyumbani kwake. Nimeongea na baba mdogo Protase. Yeye ndiye atakayekaa mahali pa baba."

Kwa Kihaya ndugu wa baba naye ni baba, kwa hiyo haukuwa uongo wa kutisha. Lakini kila aliyekuwa pale alielewa maana yake. Kijana mwenye baba aliye hai anakwenda kuposa na baba wa kuazima. Hivyo hufanywa na yatima.

Masikio ya Joackim yalipata moto. Klaudia alishika sufuria tayari kuiondoa. Joackim alikanyaga sakafu, akatazama mikono ya mwanawe iliyong'ang'ania ukingo wa meza, meza aliyoitengeneza mwenyewe, na safari hii hakuhitaji kuhesabu zaidi. Mwanangu ananiogopa, aliwaza. Iliuma kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa.

"Kwenda nitakwenda," alisema. "Mseme mimi ni baba mkubwa. Nitakaa nyuma. Sitafungua mdomo."

Avit akamtazama. "Hata wakisema nini?"

"Hata wakisema nini."

Hakusadiki. Ilionekana wazi kwamba hakusadiki, lakini alikubali, labda kwa huruma.

Walikwenda mwezi wa saba, watu saba kwenye Noah ya kukodi, Protase akiwa kiti cha mbele ndani ya koti la Joackim, kwa kuwa la kwake lilikuwa limeliwa na panya. Hilo nalo Joackim alilivumilia. Nyumbani kwa mzee Clavery waliachwa kwenye jua uani kwa dakika ishirini. Halafu wakaambiwa wavue viatu. Halafu wakaambiwa waliovaa soksi zenye matundu walipe faini ya kreti la soda, na ni Protase peke yake aliyekuwa na tundu. Mambo yalianza vizuri, yaani vibaya inavyotakiwa.

Sebuleni wazee wa upande wa kijana walipewa viti mbele, Protase katikati, Avit akapiga magoti pembeni yake. Joackim akapata benchi la nyuma karibu na mlango. Wakapitisha akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, na kila mtu akachukua punje chache. Joackim akatia moja shavuni.

Msemaji wa wenyeji alikuwa shangazi wa binti, Violeth, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mbili na aliyestaafu juzi tu kufundisha sekondari. Wanaomjua wanasema wanafunzi wake bado wakimwona barabarani wanachomekea mashati. Alimchezea Protase kama mpira. Protase akaomba radhi, akacheka, akaomba radhi tena. Ukumbi ulikuwa na furaha. Ndipo Violeth akageuza ukurasa.

"Na baba mwenyewe wa kijana? Yule seremala. Mbona hatumwoni?"

"Hayuko vizuri, waitu," Protase alisema. "Mimi ni mdogo wake. Mimi ni baba."

"Hayuko vizuri tangu lini? Sisi tunasikia hajawahi kuwa vizuri." Watu wakacheka. "Si ndiye wanamwita Petroli? Si ndiye alipiga teke pombe ya posa? Nauliza, waitu, maana binti yetu anakwenda kupika jikoni, kuna moto. Petroli na moto vikae pamoja?"

Kicheko kikajaa chumba. Hakuna hata mmoja wa wenyeji aliyejua kwamba mtu huyo yuko hatua nne kutoka mlangoni, na wale sita waliojua wakatazama sakafu.

Joackim aliusikia moto ukipanda. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshajivuta nyuma, tayari kuinuka, bila yeye kuuagiza. Aliuona. Ndiyo mara ya kwanza maishani alipouona mguu huo kabla haujafanya kazi yake. Akaurudisha. Akakanyaga mkeka kwa nyayo zote mbili, mkeka wa baridi, na chini ya mkeka saruji. Akatazama: saa ya ukutani, pazia la kijani, picha ya harusi, shingo ya Avit. Cha tano hakukipata, kwa sababu Violeth alikuwa akiendelea.

"Tunaambiwa alimkosesha mwanawe wa kwanza mke. Tunaambiwa mtoto huyo mpaka leo haji nyumbani. Sasa mtu aliyemfukuza wa kwake wa damu, huyu wa kwetu atamfanya nini?"

Hapo hakuna aliyecheka. Utani ulikuwa umepita mpaka wake na kila mtu aliona, Violeth mwenyewe pia, lakini neno lilikuwa limetoka.

Alipoteza hesabu. Akaanza upya. Mikono yake ilishika ukingo wa benchi: mkaratusi, mbichi ulipopigwa misumari, na misumari yenyewe imekwenda upande. Nani alitengeneza kitu hiki? Nje pikipiki ilikuwa ikikataa kuwaka, ikapigwa teke, ikakataa. Jikoni waliweka binzari kwenye samaki. Ulimi ukakutana na punje ya akamwani, akaitafuna, ikatoa uchungu wake wote, uchungu anaoujua tangu utoto. Naye alikuwa bado amekaa. Hasira ilikuwapo, kubwa, imemjaa kifua kizima, na chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho siku zote hasira ilikuwa ikimsaidia asikione. Alikuwa na aibu. Na alimkumbuka Aristides kiasi cha kutaka kulia mbele za watu wa Miembeni. Akaiacha aibu ikae nayo. Benchi lilikuwa na nafasi.

Violeth, labda kwa kutaka kutoka alipokwama, alimgeukia. "Wewe mzee wa nyuma, baba mkubwa. Unatoka huko. Haya tunayosikia ni kweli?"

Protase aliruka. "Mzee wetu leo hasemi, waitu, koo linamsumbua."

"Koo limsumbue. Kichwa atikise."

Shingo ya Avit ilikuwa imelowa jasho. Ingetosha kutikisa kichwa kukataa, na mambo yaendelee. Joackim aliinamisha kichwa, akakubali. Halafu, kwa kuwa kukubali kwa kichwa tu kulionekana kwake kama nusu ya kazi, na fundi haachi kazi nusu, akavunja ahadi yake akasema.

"Ni kweli. Yote ni kweli. Na binti wa Kamachumu hakuwa na kosa lolote, wala wazazi wake. Walifanya utani kama mnavyofanya ninyi. Kosa lilikuwa la seremala."

Hakupaza sauti. Nje pikipiki ikawaka, ikaondoka.

Ndipo Avit akafanya jambo ambalo halikupangwa. Akageuka pale pale juu ya magoti yake, akawapa mgongo wenyeji, kosa ambalo lingetozwa faini siku nyingine yoyote, akamtazama baba yake. Alikuwa analia.

"Shangazi, tutozeni mnachotaka," alisema. "Tumewadanganya. Huyu si baba mkubwa. Huyu ndiye Joackim Karugendo. Huyu ndiye baba yangu."

Mzee Clavery, ambaye tangu mwanzo alikuwa kimya kama inavyompasa baba wa binti, alisimama. Protase alifumba macho. Violeth alipita katikati ya viti, akaja mpaka kwenye benchi, akamwangalia Joackim kwa karibu kama anayesahihisha mtihani asiouamini.

"Nimekutukana tangu saa nane," alisema.

"Saa nane na robo, waitu. Mwanzo ulikuwa ukimtukana mdogo wangu."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akamfuata, na kicheko kikakimbia chumba chote mpaka jikoni. Violeth alijaribu kukibana, kikamshinda. Lakini hakuondoka pale.

"Na hasira zako? Ulizipeleka wapi?"

"Sikuzipeleka popote. Zipo. Tumekaa nazo hapa hapa kwenye benchi lenu bovu."

"Naomba radhi kwa lile la mtoto," alisema Violeth, safari hii kwa sauti yake ya kawaida. "Lile halikuwa utani."

"Ulisema kweli. Nilihitaji kulisikia nikiwa nimekaa."

Mzee Clavery akakohoa, na watu wote wakamgeukia. Alisema faini ya uongo ipo na italipwa, madebe mawili ya rubisi, ya Nshamba, si ya hapa mjini. Alisema pia alikuwa amejiandaa leo kukataa. Alitaka kumpa kijana heshima ya kusikilizwa, kisha akatae, kwa kuwa nyumba ambayo baba yake anafichwa alikuwa na wasiwasi nayo. Akamtazama Joackim.

"Sasa nimemwona. Mtu anayeweza kukaa hivyo, binti yangu akikosea chumvi sitakosa usingizi. Protase, pisha. Mahali hapo pana mwenyewe."

Protase aliinuka haraka kuliko alivyokuwa ameinuka kwa lolote siku hiyo, akavua na koti, akamvisha kaka yake mbele ya watu. Kutoka chumba cha ndani, ambako Evelyne na wenzake walikuwa wameegesha masikio mlangoni tangu mwanzo, vilipasuka vigelegele hata picha ya harusi ikacheza ukutani. Joackim alivuka chumba kwa miguu mitupu. Avit akasogea ampishe, kisha akabadili mawazo, akabaki karibu kabisa, bega lake likagusa goti la baba yake.

Violeth alirudi mahali pake. Akazifunga upya kanga zake mbili, akasimama wima, akarudisha uso wa mwalimu.

"Tuanze upya, wageni. Baba wa kijana, mmekuja kutafuta nini hapa kwetu?"

Joackim alifungua mdomo. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke.

"Nimekuja na mwanangu," alisema.